Mtoto Mmoja, Rejista Mbili: Ushauri kwa Mzazi Anayetafuta Nafasi katika Shule ya Kikatoliki Nairobi

Kati ya Oktoba na Januari wazazi huniuliza maswali yaleyale kuhusu kumwandikisha mtoto katika shule ya msingi ya Kikatoliki hapa Nairobi. Nimefanya kazi ya ukarani katika ofisi ya shule iliyo ndani ya ua wa parokia moja ya Eastlands, na wanangu pia wamesomea shule za aina hiyo, kwa hiyo dawati lile nimelijua nikiwa nimekaa na nikiwa nimesimama kwenye foleni. Jambo ambalo ningependa mzazi alielewe kabla ya mengine yote ni kwamba mtoto wake ataandikwa mahali pawili: katika rejista ya shule, ambayo habari zake huishia Wizara ya Elimu, na katika vitabu vya parokia, ambavyo ndivyo vitakavyoulizwa wakati wa komunyo ya kwanza, kipaimara na hata ndoa. Ofisi hizo mbili huenda zikatenganishwa na ukuta mmoja tu, lakini hakuna inayosahihisha makosa ya mwenzake. Anayeona karatasi za pande zote mbili ni mzazi peke yake.

Kabla ya kuulizia fomu, ulizia kwanza shule ni ya nani. Jina la mtakatifu lililoandikwa langoni halitoshi kukuambia. Shule nyingi zilizoanzishwa na wamisionari ziliingia chini ya usimamizi wa serikali kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1968, na Kanisa likabaki kuwa mfadhili. Chini ya kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, mfadhili ana wawakilishi katika bodi ya shule na ana sauti katika malezi ya kiroho, huku akitakiwa kulinda imani ya watoto wa madhehebu mengine. Hizo ni shule za umma. Kando yake zipo shule za kibinafsi ambazo ni mali ya parokia, jimbo kuu au shirika la masista au mabradha, na hizo huweka karo yake na utaratibu wake. Wazazi wengi huchanganya aina hizi mbili, kisha wakakasirika wanapodaiwa kitu ambacho jirani yao hakudaiwa.

Katika shule ya umma, hata kama masista wanaishi kando ya uwanja wake, mtoto hakataliwi kwa sababu ya dini. Ibara ya 32 ya Katiba inakataza kumnyima mtu nafasi katika taasisi yoyote kwa ajili ya imani yake, na kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza ubaguzi katika uandikishaji. Kifungu hicho pia hakiruhusu mtihani wa kumchuja mtoto. Kinaruhusu tu ule wa kujua awekwe darasa gani. Ada ya kuandikishwa hairuhusiwi katika shule ya umma, na mchango wowote mwingine unaotozwa lazima uwe na risiti rasmi. Ukiambiwa ulete pesa za dawati bila risiti, iombe kwa upole, na uendelee kuiomba.

Shule za kibinafsi za Kanisa ni habari nyingine. Huko si ajabu kumkuta mtoto wa miaka 6 akipewa karatasi ya hesabu kabla ya kuingia Gredi ya 1, na si ajabu kuombwa barua ya paroko, ambayo haipatikani bila barua ya mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, yaani kikundi cha waumini majirani wanaosali pamoja. Sioni ubaya wa shule iliyojengwa kwa michango ya waumini kuanza na watoto wa waumini. Ninachoshauri ni kwamba usingoje Oktoba ndipo ujulikane kwenye jumuiya. Mwenyekiti anajua ni nani alikuja kusali Kwaresima yote na ni nani alitokea na kalamu mkononi akitaka kuandikiwa, na paroko akimuuliza, atasema ukweli. Kama wewe si Mkatoliki, liseme hilo mapema bila aibu, na uulize kwa maandishi mtoto wako atakuwa wapi wakati wa misa na wakati wa kipindi cha mafundisho ya dini ambacho walimu hukiita PPI.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana hapo ndipo watu huumia. Shule itataka cheti cha kuzaliwa, kijitabu cha kliniki kinachoonyesha chanjo, nakala za vitambulisho vya wazazi, na kwa Mkatoliki, kadi ya ubatizo. Kuzileta ni rahisi. Kazi iko katika kuhakikisha kwamba zote zinamtaja mtoto mmoja. Namkumbuka mama aliyemleta mwanawe kuanza PP2, mwaka wa pili wa chekechea, akaziweka karatasi zake mezani kwa mpangilio mzuri kabisa. Cheti cha kuzaliwa kilisema Brayan Otieno, aliyezaliwa tarehe 13 Machi. Kijitabu cha kliniki kilisema Brian, aliyezaliwa tarehe 3. Na kadi ya ubatizo ilisema Joseph Otieno. Sista aliyekuwa mwalimu mkuu alizitazama, akavua miwani, akauliza, “Mama, mtoto huyu anaitwa nani?” Mama akajibu kwa utulivu, “Sista, ni huyo huyo mmoja. Lakini nyumbani tunamwita Baraka.” Tulicheka sote, hata mtoto, ila kicheko hicho hakikuipunguza safari ya kwenda ofisi ya usajili wa vizazi na vifo.

Sababu ya ukali huu ni ya kimfumo. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma hutengewa na serikali shilingi 1,420 kwa mwaka, na kwa muda mrefu anayehesabiwa amekuwa yule aliyeingizwa katika NEMIS, mfumo wa kompyuta wa kuwaandikisha wanafunzi, ambao wizara imeanza kuuhamishia katika mfumo mpya wa KEMIS. Ili mtoto apate nambari yake ya kudumu humo, nambari ya cheti cha kuzaliwa ilihitajika. Anapofika Gredi ya 3, baraza la mitihani humpa nambari ya tathmini ambayo ataendelea nayo, na jina lililoandikwa hapo ndilo litakalotokea kwenye matokeo ya Gredi ya 6, yaani KPSEA, tathmini iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Kosa la herufi moja lililopita mikononi mwa karani wa chekechea bila mtu kuliona litamfuata mtoto hadi shule ya upili, na kila darasa analopanda linaongeza idadi ya ofisi zinazopaswa kulisahihisha.

Kwa hiyo anzia kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa ndicho kinachotawala karatasi za serikali. Rekebisha hicho kwanza, kisha uifuate shule. Kama ulichelewa kumsajili mtoto, kadi ya ubatizo na kijitabu cha kliniki ni miongoni mwa karatasi zinazosaidia kuthibitisha tarehe na mahali pa kuzaliwa, kwa hiyo usizipoteze kwa kudhani ni za kanisani na zahanati tu. Kuhusu ubatizo, jua kwamba kumbukumbu halisi hubaki katika parokia alikobatizwa mtoto, hata kama siku hizi mnasali kwingine. Aliyebatizwa Kitui au Kakamega atapata nakala kutoka huko huko, na kipaimara na ndoa yake zitakuja kuandikwa katika kitabu hicho hicho. Mtoto kuwa na jina la mtakatifu ambalo halimo kwenye cheti si kosa, lakini omba nakala ya kadi ionyeshe pia majina yake ya kwenye cheti, ili mwalimu na katekista wasidhani wana watoto wawili. Na anayetarajia mtoto sasa hivi, achague jina la ubatizo kabla karani wa hospitali hajaanza kuijaza fomu ya taarifa ya kuzaliwa. Hilo ni la bure kabisa.

Mtoto akishaandikwa, shule humfungulia faili. Wazazi wachache huomba kuliona, na huo ni uzembe ambao siulewi, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kujua habari zake zilizohifadhiwa na kutaka zisahihishwe, na kwa mtoto haki hiyo hutumiwa na mzazi au mlezi. Hakikisha nambari za simu ni zile mnazotumia leo, mzio wa chakula au dawa umeandikwa, na wanaoruhusiwa kumchukua mtoto wametajwa kwa majina. Wazazi waliotengana na wenye amri ya mahakama kuhusu malezi wapeleke nakala yake. Karani hawezi kumzuia baba au mama mlangoni kwa kutegemea uvumi, na Katiba inawapa wote wawili wajibu ulio sawa. Tena, mwalimu anapowaomba wazazi watume picha za vyeti vya kuzaliwa katika kundi la WhatsApp la darasa, mtumie yeye peke yake au upeleke nakala mkononi. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na cheti cha kuzaliwa kina habari nyingi kuliko picha.

Mahudhurio ndiyo sehemu ya faili inayoandikwa kila siku, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Mwalimu wa darasa huita majina asubuhi na alasiri, na alama anayoweka kwenye rejista si ya kumfurahisha mwalimu mkuu tu. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule bila kukosa, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa muda usiozidi mwaka 1, au yote mawili. Kifungu cha 40 kinamtaka mwalimu mkuu achunguze kwa nini mtoto hayupo, na asipopata sababu ya maana, ampe mzazi ilani ya maandishi na apeleke taarifa kwa bodi ya elimu ya kaunti. Sijamwona mzazi akipelekwa mahakamani kwa mtoto aliyekosa siku 3. Nimewaona, hata hivyo, wazazi wakiulizwa maswali magumu wakati wa kuomba nafasi shule nyingine, kwa sababu rejista ilionyesha safu ndefu ya siku ambazo mtoto hakuwapo na hakuna barua hata moja iliyozieleza.

Barua ndiyo ushauri wangu mkubwa hapa. Kumpigia mwalimu simu ni adabu njema, lakini simu haiingii kwenye faili. Mtoto akiugua, akirudi apeleke karatasi ya hospitali. Mkienda mazishini mashambani, andika mistari minne kabla ya kuondoka, taja siku ya kurudi, na ubaki na nakala. Hali moja huwapata sana wanaosomesha watoto katika shule za kibinafsi: mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, anakaa wiki nzima, na rejista inamwonyesha kama mtoro. Siku hiyo hiyo iandikie shule kwamba mtoto amerudishwa kwa sababu ya salio la karo, na kwamba utamleta mara tu mtakapoelewana na bursa, yaani mhasibu wa shule. Hutakuwa umelipa deni, lakini utakuwa umelinda jina la mtoto.

Dini nayo huingia kwenye rejista kwa njia ambazo wazazi hawazitarajii. Jumatano ya Majivu si sikukuu ya taifa. Ni siku ya masomo, na shule nyingi za Kikatoliki huwapeleka watoto misa kisha wakarudi darasani, kwa hiyo mzazi anayembakiza mtoto nyumbani ampeleke misa ya jioni amemfanya akose shule bila sababu. Upande wa pili, katika shule ya umma iliyo karibu na Eastleigh, mvulana Mwislamu anayekwenda swala ya Ijumaa na kuchelewa kurudi anaweza kuwekewa alama ya kutokuwapo kila Ijumaa alasiri mwaka mzima, wakati barua moja ya mzazi iliyowekwa kwenye faili mwezi Januari ingemaliza habari hiyo. Nimeandikiwa barua za namna hiyo, na sikuona mwalimu mkuu aliyezikataa.

Kuhusu kuchelewa nitasema kidogo tu. Kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinaweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Shule inayotaka mtoto awe langoni kabla ya jua kuchomoza imejiwekea hilo yenyewe, na mkutano wa wazazi ni mahali pazuri pa kuuliza kwa nini.

Siku mtakapohama, barua ya kuondoka shule haitoshi. Shule ya zamani inapaswa kumwachilia mtoto katika mfumo wa wizara ndipo shule mpya iweze kumpokea, na hili ndilo husahaulika, kwa makusudi au kwa shughuli nyingi, hasa palipo na deni. Lipa, au andikianeni mkataba wa kulipa, kisha usiondoke ofisini kabla ya karani kukuonyesha kwenye skrini kwamba ameshaachiliwa. Kisha vuka ua uende kwa katekista. Hatua aliyofikia mtoto katika mafundisho ya komunyo au kipaimara kwa kawaida haimo kwenye faili la shule, na parokia mnayohamia inaweza kumrudisha mwanzo kama hamna barua inayosema alikuwa ameshafika wapi.