Kutoka Malindi kwenda milimani mwezi wa Agosti: Taita, Kasigau au Mlima Kenya?

Dada, salaam. Swali lako nimelielewa hivi: mko sita, vijana watano pamoja na shangazi yenu ambaye goti humsumbua. Nyote mnakaa hapa Malindi, mna siku nne za likizo ya Agosti, hamjawahi kupanda mlima, na mmegawanyika. Wengine wanataka Mlima Kenya, wengine Kasigau, wewe unataka Taita. Mimi ni wa hapa hapa, na milima ya Taita huiendea kila nikipata nafasi, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa urefu.

Nendeni Taita, na makao yenu yawe Wundanyi.

Nianze na Mlima Kenya, maana najua vijana ndio wanaoushikilia. Kilele cha Lenana, ambacho ndicho watembeaji wa kawaida hufika, kina urefu wa mita 4,985. Sisi tunalala usawa wa bahari. Mwili wa mtu huanza kuhisi upungufu wa hewa kuanzia kama mita 2,500, na ukishavuka 3,000 inashauriwa mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 300 hadi 500 kwa usiku mmoja. Sasa angalia njia ya Sirimon, ambayo ndiyo yenye mpando wa taratibu: kambi ya kwanza, Old Moses, iko kama mita 3,300, na inayofuata, Shipton's, iko kama 4,200. Toa siku za kusafiri kutoka Malindi hadi Nanyuki na kurudi, uone kimebaki nini. Hakibaki kitu cha kuuzoesha mwili. Kichwa kikianza kugonga, kichefuchefu kikaja, mtu akaanza kuyumba, dawa yake ni kushuka, na kushuka mara moja. Ujana hauzuii hali hiyo. Kijana mwenye nguvu ndiye hukimbia siku ya kwanza, na ndiye huanguka siku ya pili. Mlima Kenya ni mzuri mno, lakini uwekeeni siku saba nane, mwezi wa Januari au Februari mbingu zikiwa safi, tena baada ya miguu yenu kuijua milima midogo.

Kasigau naupenda sana. Mlima wenyewe umechomoza ghafla katikati ya nyika; unaacha barabara kuu ya Nairobi pale Maungu, unaingia ndani hadi vijiji vilivyouzunguka mlima: Rukanga, Bungule, Jora na vinginevyo. Kilele kinapita mita 1,600 na chini yako ni uwanda mtupu, kwa hiyo mpando ni wa kusimama wima karibu mwanzo hadi mwisho. Kwa vijana watano peke yao ningesema nendeni, mwanze alfajiri na mwongozaji wa kijijini, mtashuka mchana mmefurahi. Lakini Kasigau hauna njia ya katikati. Ama unapanda, ama unakaa chini. Shangazi atakaa chini siku nzima akiwangoja, na mimi siioni hiyo kuwa safari ya pamoja.

Taita ni tofauti kwa sababu barabara zinafika juu. Wundanyi ni mji wa milimani wenye soko, magari na nyumba za kulala, na kutoka hapo mna njia za kila aina: za mashambani kati ya migomba na mifereji ya maji, za msituni, za miambani. Vuria, kilele kirefu kuliko vyote huko, chenye takriban mita 2,200, kina minara ya mawasiliano juu yake na barabara inayopanda kuelekea huko. Kwa hiyo vijana watapanda kwa miguu, shangazi atapandishwa kwa gari, na chai mtainywa pamoja.

Sasa jambo ambalo watu wa pwani hawaambiwi. Agosti ndio wakati wa kusi. Upepo huu huu unaochafua bahari yetu na kuwazuia wavuvi ndio unaotoka baharini, ukavuka nyika, ukagonga milima ya Taita. Ukigonga hupanda, ukipanda hupoa, ukipoa unyevu wake hugeuka ukungu. Ndiyo maana misitu ya kule iko hai hata miezi isiyo na mvua kubwa: majani hunywa ukungu. Na ndiyo maana picha ulizoziona, za mtu kasimama juu ya mwamba nyuma yake Tsavo yote imetandazwa, msiziwekee tamaa kubwa. Huenda asubuhi nzima msione zaidi ya hatua ishirini mbele. Mkiwa mnataka kuona mbali, Januari na Februari ni bora. Mkienda Agosti, chagueni njia ambazo ukungu unazipendezesha, na njia hizo ziko msituni.

Hapo nawapeleka Ngangao. Ni kipande cha msitu wa asili, hekta kama 120 tu, si mbali na Wundanyi. Ukiingia, joto la njiani linakatika mara moja. Njia ni ya udongo mweusi, imefunikwa majani yaliyolowa, na mizizi imekatiza kama ngazi zisizolingana. Matone yanaanguka toka matawini hata kama mvua hainyeshi. Simameni kimya dakika chache, mwangalie chini badala ya juu. Kuna ndege mmoja anayefukua majani yaliyooza akitafuta wadudu: kichwa cheusi, ubavu wa rangi ya kutu, mdomo wa rangi ya chungwa inayong'aa hata kwenye kiza cha msitu. Huyo ni mkesha wa aina ya Taita, na haishi mahali pengine popote duniani isipokuwa katika vipande hivi vya misitu. Yupo na ndege mwingine mdogo zaidi, apalisi wa Taita, ambaye yuko karibu kutoweka kabisa. Milima hii ni mwisho wa kaskazini wa mnyororo mrefu wa milima ya kale unaopita Usambara na kushuka hadi Udzungwa, Tanzania, na viumbe vyake vimekaa peke yao muda mrefu mno. Misitu mingi ilishakatwa, iliyobaki ni vipande. Tafadhali waambie vijana wasitoke nje ya njia, wasichume maua, wasipige muziki. Mtu akikwambia tukate njia ya mkato hapa, mkatalieni.

Kuhusu kuchagua njia yenyewe, msiulize tu "ni kilomita ngapi". Kilomita za milimani zinadanganya. Ulizeni mnapanda mita ngapi na mguu unakanyaga nini. Mimi huhesabu saa moja kwa kila kilomita tano, halafu naongeza saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda, kisha kwa wageni naongeza nusu ya jumla yote. Njia ya kilomita nane yenye mpando wa mita 500 inakuwa karibu saa nne bila mapumziko marefu. Mkianza saa mbili asubuhi mko salama. Mkianza saa saba mchana na mkachelewa kidogo njiani, giza linaweza kuwakuta juu. Tena kumbukeni kuwa goti huumia zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda. Kwa hiyo shangazi apande pole pole kwa miguu kama anataka, lakini kushuka apewe gari, au walau fimbo mbili na hatua fupi fupi.

Baridi nayo msiidharau. Kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa kama nyuzi 6 hivi. Juu ya Vuria joto litakuwa pungufu kwa nyuzi 13 au 14 kuliko la hapa nyumbani, nanyi mmelowa jasho, na upepo unavuma. Jinzi acheni, ikilowa haikauki. Sweta na jaketi ya mvua kwa kila mtu, soksi za akiba, kucha za miguu zikatwe. Buti za mitumba zipo nzuri tu sokoni hapa, ila kabla hujalipa bonyeza ukingo wa soli kwa kidole gumba, kisha ukunje kiatu. Gundi ya kiatu kilichokaa muda mrefu huonekana nzima mpaka siku unapopanda, hapo soli inabanduka yote. Chakula cha njiani hatuhitaji kununua cha madukani chenye karatasi za kung'aa: tende, kashata za nazi na ndizi zinatosha, na maji lita mbili kwa mtu.

Kabla ya Agosti, fanyeni mazoezi Marafa. Wengi wetu tunapeleka wageni kule Nyari, lile korongo la Marafa, kutazama machweo halafu basi. Nendeni kwa ajili ya miguu. Mchukue mwongozaji wa pale, mshuke hadi chini kwenye korongo, mpande, mshuke tena. Mchanga ule mwekundu na mweupe unateleza, utawafundisha kushuka bila kuvunja magoti. Iwe asubuhi mapema au baada ya saa kumi jioni, kwa sababu adhuhuri chini kule hakuna upepo kabisa. Na kwa ndugu wa Lamu wanaofuatilia, vilima vya mchanga vya Shela vinafanya kazi hiyo hiyo.

Njia ya kwenda: hamna haja ya kuingia Mombasa. Malindi hadi Kilifi, mvuke daraja hadi Mavueni, mkate kulia kupitia Kaloleni hadi Mariakani, hapo mko kwenye barabara ya Nairobi. Mshike Voi, kisha Mwatate, kisha ile barabara ya kona kona inayopanda Wundanyi. Atakayewaambia mpite lango la Sala, hiyo ni mbuga ya Tsavo Mashariki. Mtalipia kiingilio, mnahitaji gari lenu, na hakuna kutembea kwa miguu.

Siku ya kwanza isafirini, mlale. Ya pili Ngangao asubuhi bila haraka. Ya tatu Vuria, au mwamba wa Yale kama mbingu zimefunguka. Mkitaka kuona mapango ya mafuvu, ambako Wataita wa zamani waliweka mafuvu ya wazee wao, mpelekwe na mwenyeji aliyeomba ruhusa kwa wazee wa mahali. Mapango hayo ni makaburi ya watu. Msiguse kitu, na kupiga picha ulizeni kwanza.

Mkimpata mwongozaji, mwelezeni habari ya goti la shangazi tangu kwenye simu, kabla hamjakubaliana bei, ili atafute gari la kumngoja upande mtakaotokea.