Neno "outturn" kwenye karatasi za korosho: linamaanisha nini na linakaaje kwenye sentensi

Mkuu aliyeuliza ana karatasi ya vipimo kutoka ghalani, imeandikwa "Outturn: 49.4 lbs". Kamusi inampa "matokeo" au "mazao", akijaribu kuweka maana hiyo sentensi haikai. Haiwezi kukaa, kwa sababu kamusi inatoa maana ya jumla, na huku kwetu Mtwara na Lindi neno hili lina kazi yake maalumu.

Kwenye korosho, outturn ni uzito wa korosho karanga (kiini kinacholiwa, kikishatolewa ganda) inayofaa utakayoipata ukibangua kilo 80 za korosho ghafi, na unatajwa kwa pauni. Hiyo "lbs" ndiyo pauni, na pauni moja ni kilo 0.4536. Namba haipimwi kwa kubangua gunia zima. Magunia yanachomwa bambo (chuma chenye ncha cha kutolea sampuli), sampuli inachanganywa vizuri, inapimwa kilo moja, kisha kila korosho inapasuliwa. Unachukua gramu za karanga nzuri, unaongeza nusu ya gramu za zenye madoa na zilizosinyaa. Zilizooza na zilizo tupu hazihesabiwi kabisa. Jumla unazidisha kwa 0.17637. Mfano: nzuri gramu 270, zenye madoa gramu 20. Nusu ya 20 ni 10, jumla 280, jibu pauni 49.4. Mpimaji akisahau kugawa hiyo 20 kwa mbili anapata 51.1, na karatasi inadanganya kwa karibu pauni mbili. Kwa hiyo usiridhike na namba ya mwisho, omba uone na gramu.

Sasa Kiingereza chenyewe. Outturn ni nomino, na kabla ya namba huja "of":

"This lot has an outturn of 49.4 lbs per 80 kg bag."
"The outturn fell because the nuts were stored wet."

Kosa ninaloliona sana ni "The outturn is 49 kilos". Haiwezekani, maana ganda ndilo lenye uzito mkubwa, pauni 49.4 ni kama kilo 22.4 tu za karanga kati ya zile 80. Kosa la pili ni kuligeuza neno: "The turnout of this lot is 49". Turnout ni idadi ya watu waliojitokeza, kwa mfano kupiga kura. Na ukitaka kitenzi, ukitenganisha maneno unapata kitu kingine: "The nuts turned out well" ni kwamba zimetoka vizuri, hakuna kipimo hapo. Tahajia nayo ina t mbili, si "outurn".

Kwenye mkataba ndipo pa kusoma taratibu. Utakuta sentensi kama hii: "Basis outturn 50 lbs, below 50 price reduced pro rata, rejection at 46." Maana yake bei mliyokubaliana ni ya korosho yenye pauni 50. Ikipungua, bei inashuka kwa uwiano uleule: kama ni dola 1,500 kwa tani na kipimo kimetoka 48, unazidisha 1,500 kwa 48, unagawa kwa 50, unalipwa 1,440. Ikifika 46 mnunuzi ana haki ya kukataa mzigo. Watu wanasoma ile 50 wanaruka maneno yanayofuata, na hapo ndipo fedha inapopotelea.

Usichanganye na "nut count" iliyo jirani yake kwenye karatasi hiyohiyo. Hiyo ni idadi ya korosho katika kilo moja, na inakwenda kinyume: outturn kubwa ni nzuri, nut count kubwa maana yake korosho ni ndogondogo.

Bandarini neno linabadilika tena. "Outturn report" ni taarifa ya mzigo ulioshushwa melini, ulinganishwe na ulioandikwa kwenye hati za meli. Huko hata kitenzi kipo: "The cargo outturned 12 bags short", yaani magunia 12 hayakuonekana wakati wa kushusha. Tazama kipimo kilichofuata neno: ukiona pauni kwa kilo 80, wanazungumzia ubora wa karanga, ukiona magunia au tani, wanazungumzia mzigo uliofika.