Maswali ya Wasomaji: Manifodi ya Inteki kwa Mbio za Dragi

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza kuhusu manifodi ya inteki, ile inayopeleka hewa kwenye silinda hedi. Tumechagua chache. Mbio zinazozungumziwa ni za kwenda moja kwa moja mita 402 na vipimo vyote ni vya milimita, isipokuwa pale tulipotaja vingine.

Nina Corolla AE86 yenye injini ya 4A-GE ya valvu 16, ile ya poti kubwa (poti ni njia ya hewa ndani ya silinda hedi). Nimeweka kamshafti za digrii 272, giaboksi ni T50 ya kiwandani, na nabadili gia kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika. Fundi wangu anasema tukate mabomba ya manifodi yawe mafupi kabisa, eti ufupi ndio nguvu. Tukate hadi wapi? (Msomaji, Nairobi)

Ndugu, wekeni msumeno chini kwanza mwangalie giaboksi. Uwiano wa T50 kwa gia nne za mwanzo ni 3.587, 2.022, 1.384 na 1.000. Ukibadili gia kwenye 8,000, kutoka ya kwanza kwenda ya pili injini inashuka hadi karibu 4,500. Ya pili kwenda ya tatu inashuka hadi 5,480 hivi, na ya tatu kwenda ya nne hadi 5,780. Kwa hiyo ukiacha ule mshuko wa kwanza, injini yako inashinda kati ya 5,500 na 8,000 mbio nzima. Manifodi inayopumua vizuri kwenye 9,500 ni ya injini nyingine.

Sasa tuje kwenye urefu. Pistoni ikivuta hewa, wimbi la mvuto linakimbia ndani ya bomba kwa kasi ya sauti, linafika mdomoni, linageuka kuwa wimbi la msukumo na kurudi. Valvu ikifungwa wimbi haliishi. Linaendelea kwenda na kurudi, na kila likishapita urefu wa bomba mara nne linaigonga valvu likiwa msukumo tena. Unachotafuta ni valvu ifunguke pale pale msukumo unapowasili, hewa iingie kwa nguvu ambayo hukuinunua.

Hesabu yenyewe ni hii. Mzunguko mzima wa kazi ya injini ni digrii 720. Toa 272 za kamshafti, ambazo valvu iko wazi, kisha rudisha 30 hivi, kwa sababu valvu ikiwa imenyanyuka kidogo tu haipitishi hewa ya maana. Zinabaki 478. Tuseme unataka msaada mkubwa uje kwenye 7,500: hapo kranki inazunguka digrii 45,000 kwa sekunde, hivyo digrii 478 zinachukua sekunde 0.0106. Hewa ya nyuzi 30 hivi inapitisha sauti kwa mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi limetembea mita 3.7. Gawa kwa nne upate 930. Huo ni urefu wa rejeo la kwanza, yaani msukumo ukiwa umerudi mara moja tu, na hauingii chini ya boneti yoyote. Rejeo la pili ni 465, la tatu 310, la nne 232. Kila rejeo ni dhaifu kuliko lililotangulia, ndiyo maana sisi tungechukua la tatu, 310.

Angalieni sana hapa, maana wengi huharibu: 310 inaanzia kwenye kiti cha valvu hadi kwenye mdomo wa bomba ndani ya chumba cha hewa, yaani boksi la manifodi ambamo mabomba yote yanaanzia. Poti ya silinda hedi imo. Pindeni waya laini uingie ndani ya poti ukifuata katikati yake, uwekeni alama kwenye uso wa hedi, muunyooshe na kuupima. Ukisoma 100, bomba lenu ni 210. Fundi wako akikata hadi 80, jumla inakuwa 180, na rejeo la tatu litakungoja kwenye mizunguko 12,900, la nne kwenye 9,670. Injini yako haifiki huko. Utakuwa na bomba fupi linalopendeza macho na msukumo usiokutana na valvu.

Hesabu hii ni ya kuanzia kazi tu. Fanyeni mabomba yawe marefu kidogo, mpime kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya injini), mkate milimita 10 kwa 10. Bomba lililokatwa haliongezeki. Na mdomo wa kila bomba uwe umekunjwa nje kwa duara. Mdomo mkavu wenye kingo kali unakata njia ya hewa, na kosa hilo dogo linaweza kula sehemu kubwa ya faida ya hesabu yote hapo juu.

Injini yangu ni kama hiyo ya poti kubwa na bado ina T-VIS, zile sahani za kiwandani zinazofunga nusu ya njia za hewa injini ikizunguka polepole. Niitoe? (Msomaji, Arusha)

Kwanza zifunge zile sahani kwa waya zibaki wazi, ukimbie hivyo, ulinganishe. Kiwandani hufunguka karibu na mizunguko 4,350, na kwenye dragi uko juu ya hapo karibu muda wote, kwa hiyo unachopata kwa kuzitoa ni nafasi ya upana wa shafti na unene wa sahani tu. Ipo, ila ni ndogo. Ukiamua kuzitoa, skrubu zake hupigwa nyuma zisilegee: saga kwanza ule mwisho uliopanuliwa, la sivyo utakata vichwa au kuharibu nyuzi. Matundu ya shafti yakatiwe nyuzi na kuzibwa kwa vipande vya alumini. Silikoni pekee itang'oka. Gari likiwa ndilo la kwendea kazini pia, iache. Utaililia kwenye foleni.

Nataka kulinganisha poti za manifodi na za silinda hedi, kisha ning'arishe ndani ziwe kama kioo. Nitumie msasa namba ngapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kulinganisha, ndiyo. Kioo, hapana. Injini yako inapuliza petroli ndani ya poti, na petroli ikitua kwenye ukuta laini mno inajikusanya matone na kuingia silindani ikiwa majimaji. Ukuta wenye mikwaruzo midogo huirudisha kwenye hewa. Ishia msasa 60 hadi 80. Kung'arisha kufanye upande wa ekzosti tu.

Kuhusu kulinganisha: tumia gasketi mpya, ile ile utakayoifunga. Paka uso wa manifodi kalamu nene au rangi ya bluu ya mafundi, kaza gasketi kwa boliti zake mbili ili isicheze, chora ndani ya tundu kwa sindano ya chuma. Rudia kwenye hedi. Mara nyingi utaona gasketi yenyewe haiko katikati; ukifuata mstari wake kwa upofu unapanua upande mmoja tu. Saga kwa mashine ya mkono yenye kichwa cha kabaidi, ukipaka nta au mafuta kidogo alumini isizibe meno, na upanuzi uishie taratibu ndani ya milimita 25 hadi 30. Ukisaga mdomo pekee unatengeneza shimo, na hewa inapungua mwendo halafu inakabwa tena.

Tofauti ndogo ikibaki, ibaki upande huu: tundu la manifodi liwe dogo kuliko la hedi kwa nusu milimita kuzunguka. Hewa inayotoka kwenye tundu dogo kuingia kubwa haioni kitu. Ikitoka kubwa kuingia dogo inagonga ukingo. Isitoshe, ngazi hiyo ndogo inazuia kiasi hewa inayotaka kurudi nyuma pale kamshafti zinapoacha valvu zote wazi kwa pamoja.

Hedi iwe mezani unapoisaga. Matambara kwenye poti hayatoshi. Kipande kimoja cha alumini kikikaa kwenye kiti cha valvu, valvu haitafunga. Karibu na kiti cha nozeli ya petroli na njia ya maji ukuta ni mwembamba. Pita polepole, upime kwa kidole na kwa kipimo cha unene.

Subaru yangu ina injini ya EJ20 ya turbo, busti (shinikizo la hewa ya turbo) ni bar 1.5. Kuna fundi wa kuchomea ambaye atanitengenezea chumba kikubwa cha hewa kwa bati la alumini la milimita 2, umbo la boksi. Bei yake ni nzuri. (Msomaji, Kampala)

Kwa bati hilo, usikubali. Chukua upande mmoja wa boksi wenye sentimita 30 kwa 10: ni sentimita za mraba 300. Bar 1.5 ni karibu kilo 1.5 kwa kila moja, kwa hiyo upande huo unasukumwa nje kwa kilo 450, kisha unaachiwa, kisha tena, kila unapobadili gia. Bati bapa la milimita 2 litavimba, na ufa utaanza kwenye kona, kando ya mstari wa kuchomea. Tumia milimita 4, na umbo liwe la bomba au nusu bomba. Mviringo unabeba msukumo, ubapa unaupinda.

Flanji (bamba la kufungia boliti) ya upande wa hedi iwe milimita 10 hadi 12. Wakati wa kuchomea ifungwe kwa boliti zote kwenye hedi mbovu au chuma kinene, ipoe ikiwa bado imefungwa, na ikishatoka ipelekwe kusawazishwa kwenye mashine. Hata hivyo itakuwa imepinda kidogo. Manifodi ya kusubu iliyotumika imekunywa mafuta. Ipashe moto, ifute kwa asetoni, ipashe tena hadi isitoe jasho jeusi, ndipo TIG (kuchomea kwa umeme na gesi ya kukinga) iguse. Na hili lisipuuzwe: dawa ya kopo ya kusafishia breki yenye klorini isikaribie sehemu itakayochomewa. Joto na mwanga wa TIG huigeuza kuwa fosijini, gesi inayoua mapafu, na dalili zake zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Jaribu uimara kwa maji, si kwa hewa. Ziba matundu, jaza maji, toa mapovu yote, pandisha hadi mara moja na nusu ya busti yako. Maji yakipata ufa yanavuja tu. Hewa hurusha vipande.

Ukitaka maoni yetu: kwa injini hiyo, manifodi ingekuwa ya mwisho kwenye orodha. Turbo inasukuma hewa bila kusubiri mawimbi, na ya kiwandani inavumilia mengi. Kama yako ina zile sahani za TGV kabla ya poti, zinazovuruga mkondo wa hewa injini ikiwa baridi, kuziondoa na kuziba matundu ya shafti vizuri kunakupa sehemu ya faida kwa gharama ndogo. Pesa nyingine ipeleke kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo), mafuta na kutiuni. Chumba kipya kina balaa lake: hewa ikiingia kwa kasi kutoka upande mmoja inaweza kuzipita silinda za mwanzo na kujaa za mwisho, hizo zikakosa petroli ya kutosha huku kipimo kimoja cha lambda (uwiano wa hewa na petroli) kwenye ekzosti kikikuonyesha wastani mzuri. Baada ya mbio zima injini pale pale mwisho wa njia, itoe plagi zote uzipange. Plagi moja ikiwa nyeupe kuliko wenzake, usirudi kwenye mstari.

Nimefunga manifodi mpya, sasa injini haitulii gari likiwa limesimama. Inapanda 2,000 na kushuka. Pia breki zimekuwa ngumu. (Msomaji, Mombasa)

Dalili hizo mbili zikija pamoja, shuku kwanza mpira wa buta ya breki, chombo kinachotumia mvuto wa inteki kuusaidia mguu wako. Ama haukufungwa, ama umefungwa kwenye kipenyo chembamba, ama valvu yake ya kuelekeza hewa upande mmoja imegeuzwa. Rekebisha hilo kabla gari halijatoka hata nje ya geti, maana mwisho wa mita 402 breki ndizo pekee ulizo nazo.

Kisha tafuta uvujaji. Ziba inteki, pandisha hewa ya bar 0.3 hivi kupitia mpira mmoja, nyunyiza maji ya sabuni kwenye flanji, viti vya nozeli na shafti ya throto. Kupuliza petroli au dawa ya kopo kwenye injini ya moto ni kujitafutia moto. Boliti za manifodi hukazwa kwa toki spana, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili. Kwenye EJ ni Nm 25. Baada ya injini kupata moto na kupoa, rudia kuzipima.

Nimebadilisha manifodi, muda wangu umepungua sekunde 0.2, ila kasi ya mwisho haijabadilika. Nimepata nguvu? (Msomaji, Nakuru)

Huenda hujapata. Muda unapungua hata kwa kuondoka vizuri zaidi kwenye mstari. Angalia muda wa futi 60 za kwanza, kama nao umeshuka basi ni tairi na klachi. Nguvu inaonekana kwenye kasi ya mwisho. Kimbia mara tatu kabla na tatu baada, siku ile ile, mafuta yale yale. Na usilinganishe namba zako na za Mombasa: kwenye mita 1,700 au zaidi juu ya bahari, injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Urefu wa mabomba hauhitaji kubadilika kwa sababu ya mwinuko, kwani kasi ya sauti hufuata joto la hewa, wala si shinikizo lake.

Kati ya mbio na mbio unaweza kuweka mfuko wa barafu juu ya manifodi. Utoe na kufuta maji yote kabla ya kusogea kwenye foleni ya kuondokea, kwa sababu tone moja chini ya tairi za mwenzako linaweza kumpeleka ukutani.