Maktaba ya Pamoja: Semeni Kwanza Ni ya Nani

Dira na dhamira za maktaba zina tofauti gani?

Dira ni mnakotaka kufika. Dhamira ni kazi mnayoifanya kila siku ili mfike.

Shule yetu ya msingi na ya sekondari zinatumia maktaba moja. Tumepata dhamira nzuri ya maktaba nyingine. Tuinakili?

Msiinakili. Maktaba ya pamoja ina mzigo ambao ya shule moja haina: lazima dhamira yake iwataje wote inaowahudumia. Mkiandika "wanafunzi" mkaishia hapo, mtoto anayejifunza kusoma na kijana anayejiandaa na mtihani watagombea meza moja, na mdogo ndiye atakayeondoka. Kaeni na mkutubi, walimu wa pande zote mbili na wanafunzi wenyewe. Waulizeni wanafuata nini humo, na nini huwafanya watoke mikono mitupu. Majibu hayo ndiyo rasimu yenu ya kwanza.

Dhamira yetu inaanza na "Kuhifadhi vitabu". Ina kasoro?

Ndiyo. Mwaka 1931 Ranganathan, mkutubi wa India, aliweka kanuni ya kwanza ya ukutubi: vitabu ni vya kutumiwa. Anzeni na msomaji.

Maktaba yetu ni ya shule na wananchi pia. Tuanzie wapi?

Zisomeni pamoja ilani mbili za IFLA (shirikisho la kimataifa la maktaba) na UNESCO (shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni): ya maktaba za shule iliyotolewa kwanza 1999, na ya maktaba za umma ya 1994 iliyohuishwa 2022. Ya kwanza inaiweka maktaba ndani ya ufundishaji. Ya pili inataka kila mtu ahudumiwe kwa usawa. Hapo ndipo zinapovutana: saa za masomo, mwananchi aingie au asubiri? Nani anunue vitabu, nani aamue kitabu kiondolewe rafuni, na mkutubi awajibike kwa nani? Yaandikeni hayo kwenye makubaliano kabla ya kutia saini dhamira. Upande unaotoa fedha nyingi ukiachiwa kuamua peke yake, ule mwingine utageuka mgeni.

Iwe na urefu gani?

Sentensi moja au mbili ambazo mwanafunzi anaweza kuzisema bila kusoma.

Tuipitie lini?

Kila mnapotengeneza mpango mpya. Ila fungueni kwanza daftari la kuazima vitabu. Kama upande mmoja hauazimi chochote, msianze kurekebisha maneno. Nendeni mkawaulize kwa nini hawaji.