Maharage machanga kwenye chungu cha umeme: maswali yenu wiki hii

Vyungu vya umeme vya kupikia taratibu vimeanza kuonekana kwenye maduka ya vyombo mjini, na vingine vinashuka kwenye masanduku ya ndugu walioko ughaibuni. Tangu hapo maswali yamebadilika. Mliokuwa mkiniuliza mtori na makande sasa mnauliza maharage machanga, yale ya kijani tunayokula na ganda lake. Nimeyakusanya yote hapa.

Shikamoo mama. Mdogo wangu yuko Marekani, kaniletea chungu cha umeme na maelekezo ya maharage machanga ya kupikwa saa sita na bekoni. Mimi huyachemsha dakika kumi tu, yakizidi hapo nayaona yameharibika. Saa sita si yatakuwa uji? (Msomaji wa Njiro)

Marahaba, mwanangu. Mdogo wako hajakudanganya. Majimbo ya kusini mwa Marekani wana mapishi ya siku nyingi ya maharage machanga yanayotokota kwa saa kadhaa na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, vitunguu, na mara nyingi viazi. Yakiiva ni laini, rangi imefifia, na mchuzi wake unachovywa mkate wa mahindi. Hicho ni chakula kingine kabisa, usikipime kwa maharage yako ya dakika kumi.

Kazi kubwa iko sokoni. Yale membamba sana, ya aina inayolimwa kuzunguka Mlima Meru kwa ajili ya kusafirishwa Ulaya, yaache kwa kuchemsha haraka. Ukiyaweka chunguni saa sita ndipo utapata huo uji. Kwa chungu tafuta maganda manene yaliyokomaa kidogo, ambayo ukipapasa unasikia punje ndani. Lakini likunje moja: likivunjika na kutoa mlio, nunua. Likipinda tu, limelala gengeni siku nyingi.

Kwa kilo moja ya maharage, kata ncha, vuta nyuzi za pembeni, kisha vunja vipande vya urefu wa kidole. Kaanga vitunguu maji viwili kwenye kikaango mpaka viwe rangi ya dhahabu, kisha tia punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa. Usiruke hatua hii, kwa sababu chungu cha umeme hakikaangi, na kitunguu kibichi kikichemka humo saa sita mboga nzima inakuwa na ladha ya hospitali. Viazi nusu kilo vilivyokatwa vikae chini kabisa karibu na joto, maana huchelewa kuiva kuliko maharage. Juu yake weka maharage, vitunguu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, pilipili manga, na vikombe viwili vya supu ya mifupa. Joto la juu ni saa nne hivi, la chini ni saba.

Halafu ongeza muda kidogo. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, si 100. Mji wa Moshi uko chini yetu, huko ni kama 97. Maelekezo mengi ya Marekani yameandikwa kwa watu wa nchi tambarare, kwa hiyo mtu wa Njiro asishangae muda ukifika na kiazi bado kinagoma. Kipe nusu saa au saa nzima zaidi.

Mama, nilitia nyanya nne na ndimu tangu mwanzo ili yakolee. Saa tano baadaye maharage bado yananikwaruza meno na rangi imekuwa ya kaki. Chungu kibovu? (Mama wa watoto wawili, Sakina)

Chungu ni kizima. Kilichoponza mboga ni ile nyanya na ndimu. Ganda la mboga linashikiliwa na pektini, na pektini ikiwa kwenye uchachu wa nyanya, ndimu au siki haiachii upesi. Ndiyo maana hata maharage makavu ukiyatilia nyanya kabla hayajaiva unaweza kumaliza mkaa bure. Chumvi na mafuta tia mwanzo. Nyanya isubiri mpaka maharage yamelainika, zikibaki kama dakika 45, na iwe imeshakaangwa ikaiva. Ndimu inaminywa mezani.

Rangi ni suala jingine, na hapo nitakuvunja moyo: kwa mapishi haya kijani lazima kipotee. Joto la muda mrefu, pamoja na asidi ya maharage yenyewe inayobaki chini ya kifuniko, huondoa madini ya magnesi kwenye klorofili, ile rangi ya kijani ya mmea, na bila magnesi kijani kinageuka zeituni. Nyanya zako ziliharakisha tu.

Najua kuna atakayenong'ona kwamba dawa ni magadi. Ni kweli magadi hushika kijani na kulainisha, na sisi wa huku tunayajua vizuri kwenye kiburu, zile ndizi za kupikwa na maharage. Ila kwenye maharage machanga ya kupikwa kwa saa nyingi yatakuachia utelezi na ladha ya sabuni, na vitamini C kidogo iliyosalia itaondoka. Siyashauri. Ukitaka kijani machoni, chukua konzi moja ya maharage, yachemshe dakika nne pembeni, changanya wakati wa kupakua. Wageni hawatajua.

Nikishajua hayo, si naweza kutupia na maharage makavu mekundu humo humo, nikaenda kazini? (Kijana anayejipikia, Kijenge)

Hapana! Hapa nakuomba unisikilize. Maharage machanga na makavu ni mmea mmoja, lakini punje nyekundu iliyokauka ina lektini nyingi, sumu ya asili inayokufanya utapike na kuharisha ndani ya saa chache. Punje nne au tano tu ambazo hazikuiva zinatosha kukulaza. Kuchemka sawasawa kunaiua, na sufuria ya bibi yako juu ya mafiga haikuwa na tatizo hilo kwa sababu ilitokota kwelikweli. Chungu cha umeme kinaweza kukaa kwenye nyuzi 75 au 80 kwa muda mrefu, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeonya kwamba maharage yaliyofikia nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na sumu hata mara tano kuliko mabichi.

Loweka saa tano au zaidi, mwaga maji hayo, tia maji mapya, chemsha kwenye jiko la gesi au mkaa kwa dakika 30 yakitokota kwa nguvu. Ndipo yaingie chunguni. Nawe kijana, kuonja punje moja moja ili kujua kama zimeiva, acha.

Maharage machanga nayo yana lektini, lakini kidogo sana. Bado usiyatafune mabichi.

Kwetu hatuli kitimoto. Bila bekoni kuna ladha kweli? (Msomaji wa Majengo, Moshi)

Ipo, tena nadhani yetu ni bora. Kinachotafutwa kwenye bekoni ni vitu vitatu: chumvi, mafuta na moshi. Mafuta utayapata kwenye mbavu za ng'ombe au mfupa wenye uboho, ukiubanika kwanza juu ya mkaa mpaka uwe kahawia. Kwa moshi, nyie wa Moshi mna samaki wa Bwawa la Nyumba ya Mungu. Kipande kimoja cha samaki aliyekaushwa kwa moshi, kikiondolewa miiba na kuoshwa kwa maji ya moto, kinatosha chungu kizima. Punguza chumvi. Asiyekula nyama kabisa akaange binzari nyembamba kavukavu mpaka inukie, aisage, kisha amalizie na vijiko viwili vya karanga zilizosagwa. Karanga ziingie nusu saa ya mwisho, la sivyo zitaganda chini.

Tui la nazi nalo ni la mwisho. Likikaa humo saa nyingi linakatika.

Naweza kufunua kidogo nione yanaendeleaje? (Usa River)

Usifunue. Mvuke ukitoka, chungu kinachukua kama dakika 20 kurudi kilipokuwa.

Shangazi, hiki chungu kitamaliza yuniti zangu za LUKU? Na umeme ukikatika katikati je? (Mwalimu, Soweto, Moshi)

Geuza chungu usome chini yake. Vingi vya nyumbani ni wati 150 hadi 300. Cha wati 200 kikiwaka saa saba kinakula yuniti 1.4, na jiko la sahani la wati 1,500 linamaliza kiasi hicho kabla ya saa moja kuisha. Zidisha na bei unayonunulia yuniti, utajua. Mkaa wa siku hizi ukilinganisha, sidhani kama utalalamika.

Umeme ukikatika nawe upo nyumbani, hamishia kwenye gesi mara moja umalizie. Ukirudi kutoka shule ukakuta saa ya ukutani inamulika sifuri na hujui giza lilidumu muda gani, mwaga, hata kama kinanukia vizuri. Chakula kilichokaa vuguvugu zaidi ya saa mbili, hasa chenye nyama, hakina msamaha.

Binti yangu anadai maharage ya Wamarekani ya sikukuu huwa na supu ya uyoga na vitunguu vya kukaanga juu. Mbona wewe hukutaja? (Mzazi, Tengeru)

Hayo ni mengine, na huokwa kwenye oveni. Yalibuniwa mwaka 1955 na Dorcas Reilly, aliyekuwa akifanya kazi kwenye jiko la majaribio la kampuni ya Campbell, na yakawa chakula cha sikukuu ya Shukrani. Binti akitaka, akaange uyoga mbichi na kijiko cha unga wa ngano, atie maziwa mpaka yawe mazito, achanganye na maharage yaliyokwisha iva. Makopo hayahitajiki.

Sina hicho chungu wala sina mpango wa kununua. Nifanyeje? (Bibi wa Marangu)

Shikamoo bibi. Una kapu? Litandike kwa majani makavu ya mgomba, nene pande zote, na uandae mto wa kufunika juu. Chemsha maharage kwenye sufuria nzito yenye mfuniko unaobana, yatokote dakika 20, kisha yaingize kapuni yakiwa bado yanachemka, funika, yaache saa tatu. Kabla ya kupakua yarudishe motoni yachemke tena. Sufuria ijae, maana ikiwa nusu tupu inapoa upesi. Na kama kuna nyama ndani, iive kwanza motoni, isitegemee kapu.

Mama mkwe anakuja Jumapili. Haya maharage nimwekee na nini? (Bi harusi mpya, Shanty Town)

Ndizi za kuchemsha na nyama ya kuchoma. Ugali nao unakwenda, ila kwanza mimina mchuzi kwenye sufuria ndogo, uchemshe bila kufunika mpaka ubaki nusu, ndipo uurudishie. Wa chunguni huwa mwepesi mno kwa tonge. Pilipili weka pembeni, na viazi usiviponde hata akikushauri. Hao wenye rika lake wanapenda kuponda kila kitu.