Programu Tano Ndani ya Tomcat Moja: Yaliyonisaidia Msimu Huu wa Korosho

Hivi karibuni kijana mmoja wa Masasi aliniandikia ujumbe mrefu. Baada ya shikamoo na salamu zote za heshima, alieleza kwamba anasimamia seva yenye programu nne za wateja wake, zote zikiwa ndani ya Tomcat moja, yaani programu ya seva inayobeba na kuendesha programu za Java, na kwamba kila umeme unapokatika na kurudi, mbili kati yake huwa haziamki. Ameshaongeza RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine, kwa fedha yake mwenyewe, na sasa anauliza kama anunue mashine kubwa zaidi. Marahaba, mdogo wangu. Usinunue. Nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu swali lako ni la wengi, na pia, kwa nini nifiche, kwa sababu msimu huu nina jambo la kujivunia.

Hapa Mtwara mjini naendesha seva yenye programu tano: daftari la mizani la chama cha msingi cha wakulima wa korosho, ukurasa wa mkulima kuangalia malipo yake, matokeo ya shule moja ya sekondari, stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, na vyumba vya nyumba ya wageni iliyoko Mikindani. Zote zimeandikwa kwa Java, na zote zinaishi ndani ya Tomcat moja kwa kuwa hakuna mteja kati yao anayeweza kulipia mashine ya peke yake. Wanaosema kwamba kila programu lazima iwe na mashine yake hawajawahi kumpelekea ankara mwenye duka la saruji mwezi wa Machi, fedha za korosho zikiwa zimekwisha mifukoni.

Anayeishi huku anajua jinsi msimu unavyokwenda. Minada huanza Oktoba, korosho zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika Mtwara mwaka 2007, na fedha za mkulima huingia benki. Siku inaposemekana kwamba malipo yameanza kuingia, kila mwenye simu anataka kuona jina lake, na asiye na simu anaazima ya mwanawe. Msimu huu umeme ulikatika siku hiyohiyo. Ulirudi jioni, wakati watu wengi wameshatoka shambani na wako kwenye simu zao. Programu zote tano ziliamka, ukurasa wa malipo ukajibu, na nyumba ya wageni ikaendelea kupokea oda bila kujua kwamba kulikuwa na shughuli yoyote kwa jirani. Mwenyekiti wa chama alinipigia simu, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane hakupiga kulalamika.

Nasema hivyo kwa sababu msimu uliotangulia kazi hiyo haikuwa mikononi mwangu. Nilikuwa nimeandika pendekezo la kugawa mzigo wa programu zile, liko kwenye karatasi mpaka leo, likawekwa kando. Akaletwa mtaalamu kutoka Dar es Salaam, akasimama kwenye kikao nikiwa nimekaa kiti cha nyuma, akasema kwamba tatizo ni mashine za mkoani na watu wa mkoani. Hakuna aliyegeuka kuniangalia. Ikanunuliwa mashine yenye kumbukumbu mara nne ya ile ya zamani, zikahamishiwa programu zilezile na mipangilio ileile, na siku ya malipo ukurasa ukaganda kama ulivyokuwa ukiganda. Kazi nilirudishiwa bila maelezo na bila pole. Pole sikuiomba, ingawa naona ningeipokea kama ingetolewa.

Tuanze na kuwashwa kwa programu, maana huko ndiko kijana wetu anakoumia. Tomcat, kwa mpangilio wake wa awali, huwasha programu moja baada ya nyingine kwa kutumia uzi mmoja, yaani njia moja ya kazi ndani ya programu, na haianzi kuhudumia maombi mpaka imalize kuzipitia zote. Mpangilio huo unaitwa startStopThreads, na thamani yake usipoigusa ni 1. Kwa hiyo programu moja yenye tabia ya kusoma jedwali zima la wanafunzi kabla ya kusema iko tayari inaweza kuwachelewesha mwenye duka, mgeni wa Mikindani na wakulima wa kata nzima, ambao hawana habari na matokeo ya kidato cha nne.

Ushauri utakaokutana nao upesi mtandaoni ni kuongeza nambari hiyo ili zote ziwake kwa pamoja. Kwenye mashine yenye prosesa nyingi na diski ya kasi, sina ubishi. Kwenye mashine yenye prosesa mbili, programu tano zinazowaka pamoja zinagombania prosesa zilezile, diski ileile na kanzidata ileile, yaani hifadhi ya data zao. Ni sawa na wakulima wote wa kijiji kufika ghalani alfajiri moja na mzani ni mmoja. Wapo pia wanaodhani kwamba nambari ya load-on-startup ndani ya web.xml, faili la mipangilio la programu, itawapangia zamu. Nambari hiyo hupanga servleti (vipande vinavyojibu maombi) za programu moja tu, yenye nambari ndogo ikitangulia, na haina mamlaka yoyote juu ya programu jirani. Wala usitegemee kwamba kubadili majina ya mafaili kutakupa mpangilio unaoutaka, kwa sababu Tomcat haikuahidi jambo hilo.

Kinachoiangusha programu baada ya umeme kurudi mara nyingi ni kanzidata. Kanzidata ya PostgreSQL iliyozimika ghafla, ikiwashwa, hupitia kwanza kumbukumbu zake za miamala ili kurekebisha yale yaliyokatikia njiani, na muda wote huo humjibu kila anayebisha kwamba bado inaanza. Programu inayotumia HikariCP, maktaba ya Java inayotunza miunganisho ya kanzidata, kwa mpangilio wa awali, hujaribu kupata muunganisho pale tu hodhi lake la miunganisho linapoundwa, na ikiukosa inatoa kosa papo hapo. Kosa hilo likitokea wakati wa kuwashwa, Tomcat huiacha programu hiyo ikiwa imezimwa na kuendelea na nyingine. Mteja anaona 404, jibu la kwamba ukurasa haupo, kana kwamba programu hiyo haijawahi kuwepo duniani, ilhali jirani yake inajibu vizuri. Hapo ndipo watu hukimbilia dukani kununua RAM.

Dawa yake ni ndogo kuliko bei ya RAM. Mpangilio unaoitwa initializationFailTimeout uupe nambari iliyo chini ya sifuri, na HikariCP itaacha programu iwake huku yenyewe ikiendelea kutafuta kanzidata nyuma ya pazia. Kisha pitia kila kazi nzito iliyowekwa kwenye contextInitialized, sehemu inayoendeshwa programu inapowashwa, kama kusoma majedwali, kutengeneza ripoti au kutuma barua pepe ya kwamba nimeamka, uipeleke kwenye uzi wa pembeni uanze baadaye. Mpaka uzi huo umalize, programu ijibu 503, yaani huduma haipatikani kwa sasa, pamoja na kichwa cha Retry-After, ili anayeomba aambiwe arudi baada ya muda badala ya kuzungushwa. Kwangu, kazi ya majedwali ya shule husubiri mpaka wakulima watulie. Shule haijalalamika, kwa kuwa matokeo hayatoki usiku.

Hesabu pia miunganisho. HikariCP usipoielekeza hufungua miunganisho 10 kwa kila programu na kuishikilia hata kama haina kazi, hivyo programu tano zinashika 50. PostgreSQL kwa kawaida inaruhusu 100, na 3 kati ya hiyo imetengwa kwa ajili ya msimamizi. Sasa mtu anawasha Tomcat ya pili kwa majaribio, yenye programu zilezile na kanzidata ileile, anafika 100 na programu za mwisho zinafungiwa nje. Mimi niliigawa kwa mkono: nyumba ya wageni 2, duka 3, shule 5, mizani 10, malipo ya wakulima 15. Nyumba ya wageni yenye vyumba vichache haina haki ya kushika miunganisho sawa na wakulima wa wilaya nzima, hata kama mwenyewe analipa kwa wakati kuliko wote.

Programu zikishaamka, linakuja suala la wingi wa maombi, na hapa ndipo yule mtaalamu wa kikao alipokosea zaidi. Tomcat hutoa nyuzi 200 za kuhudumia maombi usipobadilisha maxThreads, na nyuzi hizo ni za programu zote zinazopita kwenye poti moja, yaani mlango mmoja wa mtandao. Hakuna fungu la duka wala fungu la shule. John Little, mtaalamu wa nadharia ya foleni, alithibitisha mwaka 1961 kanuni ambayo kila msimamizi wa seva angeibandika ukutani: idadi ya walio ndani ya mfumo kwa wastani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda anaokaa kila mmoja. Yakija maombi 20 kwa sekunde na kila moja likachukua sekunde 0.2, unatumia nyuzi 4. Kanzidata ikizidiwa na kila ombi likaanza kuchukua sekunde 10, maombi yaleyale 20 yanazimaliza nyuzi zote 200, na tangu dakika hiyo mwenye duka naye hawezi kufungua stoo yake. RAM uliyoongeza inakaa inatazama.

Ubaya unazidi kwa sababu Tomcat haiwafukuzi wanaozidi. Inaendelea kupokea miunganisho kwa maelfu na kuiweka foleni. Mkulima anaona duara linazunguka, anabonyeza tena, na lile ombi la kwanza ambalo hakuna anayelisubiri tena linabaki kwenye foleni likingoja uzi wake. Kwa hiyo nimeiwekea kila programu ukomo wake kwa kutumia SemaphoreValve, kizuizi cha Tomcat kinachohesabu maombi yaliyo ndani, kwenye Context yake, yaani mipangilio ya programu hiyo, na nimezuia isisubirishe watu: nafasi zikijaa, anayezidi anajibiwa mara moja. Hakikisha umeiambia ijibu 503, la sivyo mteja atapokea ukurasa mtupu na kudhani fedha zake zimepotea. Ukurasa wangu wa 503 una sentensi moja ya Kiswahili inayosema kwamba malipo yako yako salama, jaribu tena baada ya dakika mbili. Sentensi hiyo imenipunguzia simu kuliko mpangilio mwingine wowote nilioufanya.

Wengi huweka nginx, seva ya kupokea maombi, mbele ya Tomcat na kuweka ukomo kwa anwani ya intaneti ya mteja. Huku kwetu hilo ni kosa la kuigiza. Mitandao ya simu huwatoa wateja wengi kupitia anwani moja ya nje, hivyo ukimzuia mmoja wa Tandahimba unaweza kuwa umezuia na watu wa Newala ambao hawajabonyeza chochote. Weka ukomo kwa namba ya mkulima au kwa kitambulisho cha kipindi chake cha kuingia, ndipo mwenye haraka alipie haraka yake peke yake.

Jambo jingine linahusu simu za makarani. Daftari la mizani huhifadhi vipimo kwenye simu mtandao unapokosekana, kisha huvituma unaporudi. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, ndipo nilipofikiria kwa makini jinsi ya kurudi. Ilikuwa nje ya msimu, bahati yetu. Simu zote zikirudi hewani kwa pamoja na kutuma kwa pamoja, mtandao uliopona unaiangusha seva iliyokuwa nzima. Sasa kila simu husubiri muda wa kubahatisha kati ya sekunde sifuri na dakika kumi kabla ya kutuma, na ikikataliwa huongeza muda wa kusubiri mara mbili. Karani haoni tofauti yoyote. Seva inaiona.

Vijana mnaofanya kazi hizi Mtwara na Lindi, acheni kuamini kwamba ujuzi unashuka na basi la kutoka Dar es Salaam. Mikoa hii imekaa miaka mingi ikipata umeme wa mitambo ya gesi ya hapahapa, nje ya gridi ya taifa, na aliyezoea seva inayozimika anajua mambo ambayo aliyekulia kwenye jengo lenye jenereta mbili hayajui. Andikeni mapendekezo yenu, yawe na tarehe na nambari, na myaweke. Kikao kikiyapuuza, karatasi haipotei.

Nawe mdogo wangu wa Masasi, kabla ya kugusa chochote fanya jaribio hili usiku wateja wakiwa wamelala. Zima kanzidata na Tomcat, kisha washa Tomcat kwanza, ngoja dakika tano, ndipo uwashe kanzidata. Zile programu mbili zikijibu 404 na nyingine zikijibu, ugonjwa ni ule niliousimulia hapo juu, na RAM yako unaweza kumuuzia mwingine. Zikijibu zote, basi tuangalie nyuzi: tengeneza picha ya nyuzi zote kwa jstack, zana inayokuja na Java, wakati mzigo umepamba moto, hesabu ngapi zinangoja muunganisho wa kanzidata, na unitumie faili zima la logi, si picha ya skrini iliyokatwa katikati.