Van kuukuu ya kabureta kufeli kipimo cha moshi

Kama van ya petroli yenye kabureta imefeli kwa CO (monoksidi ya kaboni) na HC (petroli isiyochomeka) pamoja, usikimbilie skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Hiyo iache mwisho kabisa. Fungua plagi kwanza uzisome. Ncha nyeusi, kavu, yenye masizi kama ya chungu: petroli inazidi. Kagua filta ya hewa, choki (kilango cha hewa cha kuwashia injini baridi) iliyokwama bila kufunguka yote, na boya la ndani ya kabureta linaloacha petroli ipande mno. Ncha iliyolowa oili ni habari nyingine, ringi za pistoni au sili za valvu, na hapo kabureta haina kosa. HC ikiwa juu peke yake, mara nyingi kuna silinda isiyochoma vizuri: badilisha plagi na nyaya zake, kisha pima taimingi ya cheche.

Badilisha oili kabla ya kipimo. Oili iliyoingiwa na petroli hutoa mvuke unaorudi kuchomwa kupitia paipu ya kupumulia ya injini, na wengi husahau hili. Ndipo urekebishe skrubu, robo mzunguko kwa robo, injini ikiwa ya moto, ukisubiri sekunde 10 kila mara. Endesha dakika 20 kabla ya kufika, na usizime injini kwenye foleni.